Eti Wazee Wamezoea Baridi

Kuna neno moja ambalo sisi watu wa nyanda za juu hulitumia kila Julai kujitoa lawamani. Neno lenyewe ni "amezoea." Muulize mtu mamake anaendeleaje kule Kinangop, wakati jua halijaonekana wiki nzima na manyunyu hayaishi. Atakujibu, "Aah, huyo amezoea baridi ya huko." Muulize mbona nyanya analala kwenye chumba cha mbao ambacho upepo unaingilia ufa huu na kutokea ufa ule. Utaambiwa amelala humo miaka 40, kwani baridi itamfanya nini leo? Tunalisema kwa mapenzi, hata kwa majivuno. Wazee wetu ni wagumu, bana. Walienda shule pekupeku kwenye umande. Walichuma chai alfajiri vidole vikiwa vimekufa ganzi. Basi blanketi moja na kikombe cha chai vinawatosha.

Huo ni uongo, na kila mwaka unatuzikia watu.

Mwili hauzoei baridi jinsi kiganja kinavyozoea jembe. Kiganja hufanya sugu. Mwili wa mtu wa miaka 75 huenda upande wa pili: unanyang'anywa silaha moja baada ya nyingine. Misuli ndiyo tanuri ya mwili, na misuli hupungua kadiri umri unavyosonga; shosho aliyekuwa akibeba debe zima la viazi leo anabeba nusu, na joto lake limepungua vivyo hivyo. Mafuta ya chini ya ngozi hupungua. Mishipa midogo ya mikono na miguu, ambayo kwa kijana hujikaza upesi ili joto lisitoroke, kwa mzee huchelewa. Kutetemeka, ambako ndiko mwili unajipasha moto, huja kwa unyonge. Na baya kuliko yote, mzee huenda asiisikie baridi yenyewe. Ukimuuliza, "Unasikia baridi?" atakwambia hapana, na hakudanganyi. Kengele ipo, waya ndio umekatika.

Ongeza magonjwa ambayo karibu kila boma lina mzee anayeugua mojawapo. Kisukari hufisha neva za miguu. Presha hupanda zaidi wakati wa baridi kwa sababu mishipa imejikaza na moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu. Damu yenyewe huganda kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana kiharusi na mshtuko wa moyo huongezeka msimu wa baridi, wala havingoji mtu awe kwenye barafu. Mapafu nayo hudhoofika, na mafua ambayo mjukuu aliyaleta kutoka shuleni yakamwisha kwa siku tatu, kwa babu yanageuka nimonia.

Na mwili ukipoa kupita kiasi, yaani joto lake likishuka chini ya nyuzijoto 35, mtu hapigi kelele. Ulimi huwa mzito. Anajikwaa. Anasahau alichokuwa akisema. Anasinzia mchana. Sasa niambie, ukimkuta mzee wa miaka 80 katika hali hiyo utasema nini? Utasema amelewa, au akili zimeanza kumtoka, au ni uzee tu. Kuna mzee wa kwetu aliyepelekwa kituo cha afya asubuhi moja ya Julai akiongea maneno yasiyoshikana. Aliyempokea alimnusa mdomo kabla ya kumpima joto. Alipompima na kuona namba iko chini, alikipigapiga kipimajoto akidhani kimeharibika. Simtaji, kwa sababu shida si yeye peke yake. Sote tumefundishwa kuogopa homa, yaani joto kupanda. Nani alitufundisha kuogopa joto kushuka?

Kuna mtu hapa atasema: lakini hii ni Kenya, tuko kwenye Ikweta, si Ulaya. Hoja hii naijua, hata watalii huileta. Kwanza, tuelewe baridi yetu inatoka wapi. Kuanzia Juni hadi Agosti jua liko kaskazini mwa Ikweta, na upepo ule ambao Mswahili wa Lamu anauita kusi unavuma kutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Ukifika kwenye miinuko unapanda, unapoa, unageuka wingu zito la chini ambalo hulala juu ya Limuru, Murang'a, Nyeri na hata Nairobi kutwa nzima. Jua halipenyi. Ukipanda hadi Nyahururu, Ol Kalou au Molo, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku huteremka chini ya nyuzijoto 10 mara kwa mara, na asubuhi nyingine unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi.

Pili, na hapa ndipo wanaojilinganisha na Ulaya hupotea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilipendekeza nyuzijoto 18 ndani ya nyumba kama kiwango salama kwa nchi zenye majira ya baridi, na likasema wazee na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Ndani ya nyumba, si nje. Mzee wa Ulaya nje kwake kunaweza kuwa na theluji, lakini ndani mabomba yanapasha chumba. Mzee wa Kinangop ndani na nje ni kulekule, tofauti ni kwamba ndani hakuna mvua. Na mara nyingine ipo: mabati yasiyo na dari hupoa upesi usiku, pumzi ya aliyelala inapanda, inagusa bati, inageuka maji na kumdondokea kitandani. Mtu anaamka blanketi lina unyevu na hakuna paa lililovuja.

Kwa hiyo usiangalie kipimo cha nje ukasema "si mbaya." Baridi inayomuumiza mzee ni ile anayolala nayo saa kumi, kila usiku, miezi mitatu mfululizo.

Sasa tuje kwa watoto wa wazee hawa, yaani sisi. Wengi wetu tukipata pesa jambo la kwanza ni kumjengea mama nyumba ya mawe. Vigae sakafuni, madirisha makubwa ya vioo, sebule ya kukaribishia wageni Desemba. Tunapiga picha. Halafu tunarudi mjini, na mama anaihama ile nyumba kimyakimya na kulala jikoni, kwenye kijumba cha zamani chenye mafiga matatu na masizi ukutani. Tukija tukamkuta huko tunakasirika. "Mama, unatuaibisha, watu watasema nini?" Mama yuko sawa. Nyumba yetu ya vigae ni jokofu. Hakuna moto ndani yake, hakuna dari, na vyumba ni vikubwa kuliko joto la mtu mmoja. Jikoni kuna majivu yenye joto hadi usiku wa manane.

Sisemi turudi kwenye moshi. Moshi wa kuni umewaharibu mama zetu macho na mapafu, na hakuna haja ya kuupamba. Ninachosema ni kwamba waliojenga nyumba za zamani za mlimani walijua jambo ambalo fundi wetu wa leo hatulipi kulijua. Nyasi za paa zilishika joto. Chumba kilikuwa kidogo. Moto ulikaa katikati, na mbuzi walilala ndani. Na kubwa kuliko hayo, bibi hakulala peke yake. Wajukuu walilala naye. Leo wajukuu wako shule ya bweni, mbuzi wameuzwa kulipa karo, nyasi zimebadilishwa kwa bati, na bibi amebaki na jina la "mwenye nyumba ya mawe." Tumeondoa kila kilichompa joto, na badala yake tumeweka vigae.

Kisha tunamwachia jiko la makaa. Hapa sitazunguka. Kila mwaka baridi ikianza, redio zinatangaza: familia imekutwa imekufa, jiko lilikuwa ndani, madirisha yamefungwa. Tunasikitika, tunasema watu wawe waangalifu, tunasonga. Makaa yakiungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu kama moshi. Inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoishika, mara 200 na zaidi, na mwenye kuivuta anahisi kichwa kizito, kisha usingizi. Mzee ambaye tayari hupumua kwa shida haihitaji nyingi. Na yale makaa ambayo mtu anadhani yameisha moto, yaliyobaki mekundu chini ya majivu, ndiyo yanayoingizwa chumbani kwa sababu hayatoi moshi. Watu wanadhani bila moshi hakuna hatari. Kinyume chake ndicho kweli.

Lakini kumwambia mtu "usiingize jiko" bila kumpa kitu kingine ni kumwambia achague afe kwa njia gani. Mahubiri ya namna hiyo tumeyachoka. Ukimnyima jiko, mpe dari. Mpe chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo. Mpe kitanda kilichoinuliwa kutoka kwenye sementi na godoro zito, kwa sababu baridi ya chini hula mtu kuliko ya juu. Msaidie kuota moto jioni kukiwa na mlango wazi, jiko litolewe nje kabisa, kisha ndipo alale.

Nije sasa kwa mablanketi. Tunayapenda. Mwanasiasa akija mwezi wa saba anakuja na lori la mablanketi, wazee wanapangwa kwenye viti vya plastiki uwanjani, kwenye upepo, saa tatu wakimngoja mheshimiwa, ili wapewe kitu cha kuwakinga baridi! Kamera zinalia, mheshimiwa anamfunika bibi mmoja mabegani, habari ya saa moja hiyo. Silikatai blanketi. Lakini blanketi halitoi joto, linahifadhi tu lile ambalo mwili umetengeneza. Na mwili hutengeneza joto kwa chakula. Mzee aliyelala na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate hana cha kuhifadhi hata umfunike mablanketi manne. Uji mzito wa wimbi usiku, njahi, viazi, mafuta kidogo, supu ya mifupa: hivyo ndivyo vinavyowasha tanuri. Soksi mbili na kofia ya sufu ya mitumba kutoka Gikomba zinaweza kumfaa kuliko blanketi la tatu. Anayegawa blanketi bila kuuliza huyu alikula nini jana anagawa picha zake mwenyewe.

Na pesa ya chakula? Hapo ndipo serikali inapoingia, na lazima tuitaje. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na kutoka kwa Dola. Wote wawili, si mmoja amsukumie mwenzake. Katiba hiyohiyo inamhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60. Lakini pesa za Inua Jamii zinaanza miaka 70. Kuna miaka kumi hapo katikati ambayo Katiba inakuita mzee na hazina inakuita kijana.

Ukifika 70 na ukaandikishwa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kimekaa hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku unga, mafuta ya kupikia na gunia la makaa vikipanda bila breki. Tena haziji kila mwezi. Wazee wanajua kungoja. Zinachelewa, zinarundikana, zinaletwa kwa pamoja kama zawadi, na watu wanatakiwa kushukuru. Kwa mzee wa Turkana kuchelewa kwa Juni ni njaa. Kwa mzee wa Nyandarua kuchelewa kwa Juni ni njaa na baridi kwa mpigo mmoja. Hakuna sababu ya maana kwa nini malipo ya Juni, Julai na Agosti yasitangulie mvua ya manyunyu, maana kalenda ya baridi haibadiliki. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa miezi hiyo mitatu kila mwaka. Hutaja hata maeneo. Karatasi inatoka, inasomwa kwenye habari, mtangazaji anatania kuhusu sweta, basi.

Linganisha na majanga mengine. Ukame una mamlaka yake ya kitaifa. El Niño ikitajwa tu, magavana wanakaa vikao na kutenga mabilioni. Viazi vikipigwa na jalidi, tunasikia hasara ya wakulima redioni. Mama aliyevipanda vile viazi akipigwa na baridi ileile chumbani mwake, hakuna kikao. Tunasema Mungu amempenda zaidi.

Uingereza, ambako baridi ni suala la kura, serikali imekuwa ikiwalipa wazee pesa za kupasha nyumba joto tangu 1997. Mwaka 2024 serikali mpya ilipowanyima wengi wao malipo hayo, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba 2025 ililazimika kurudi nyuma. Isitoshe, kwa miaka mingi wamekuwa wakihesabu vifo vinavyozidi wakati wa baridi, wanajua ni vingapi, na mpinzani bungeni anaweza kumrushia waziri ile namba. Kwetu kaburi linachimbwa, kibali cha mazishi kinaandikwa nimonia, au moyo, au presha, na yote ni kweli. Ila hakuna anayeuliza chumba kilikuwa na joto kiasi gani usiku ule. Kifo kisichohesabiwa hakimtishi mwanasiasa yeyote.

Na kinachoniudhi ni kwamba hatuhitaji mabomba ya Ulaya. Vingi vya kufanyia kazi hii tunavyo tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa mikoba. Ndani ya mkoba kuna mashine ya presha, kipimo cha sukari na kipimajoto. Watu hawa wanajua kila nyumba. Kwa nini kaunti ya baridi isiwape orodha ya wazee wanaoishi peke yao na kazi moja ya miezi mitatu: pita kila wiki, pima presha, gusa miguu, uliza amekula nini, angalia jiko linakaa wapi usiku, na ulipwe marupurupu yako kwa wakati? Kaunti zimesimamia afya tangu 2013. Haihitaji sheria mpya, inahitaji gavana anayejua kwamba Julai inakuja.

Chanjo nayo. Tangu 2011 watoto wetu wachanga hupata chanjo ya nimonia bila malipo, na ni jambo jema sana. Babu anayemlea mtoto huyo, mwenye mapafu yaliyochoka, haimo katika ratiba yake. Atainunua, kama anajua ipo na kama mtoto wake wa mjini yuko tayari kulipa. Wizara ianze na walio juu ya miaka 70 katika kaunti za baridi.

Na dari. Tunasikia habari za nyumba za bei nafuu kila siku na tunakatwa mishahara kwa ajili yake. Sehemu ndogo ya pesa hizo ingeweza kuweka dari na kuziba nyufa kwenye chumba kimoja, kile anacholala mzee, boma kwa boma. Chumba kimoja tu, si jumba. Vijana wa useremala wangepata kazi kila kijiji.

Lakini nisiishie kwa serikali, kwa sababu najua tunavyofurahi lawama ikienda Nairobi ikabaki huko. Harambee ya kumzika mzee wa kwetu hujaza kikundi cha WhatsApp kwa usiku mmoja. Jeneza, hema, basi, picha kubwa ya rangi, chakula cha watu 500. Pesa hizo zote zinapatikana kwa wiki moja, tena kutoka kwa watu waliokuwa "wamebanwa" Mei yote. Dari ya chumba chake ingegharimu chini ya hema. Huo ndio ukweli tunaoukwepa tukisema amezoea: tuko tayari kulipia mwili wake ukiwa umepoa kabisa, lakini si wakati ungali na joto la kuokolewa.

Kwa hiyo Mei ikiisha usitume salamu. Nenda, au mtume mtu unayemwamini, alale pale usiku mmoja. Alale kwenye kitanda cha mzee mwenyewe, si kwenye chumba cha wageni. Asikilize upepo unaingilia wapi. Ahesabu hatua kutoka kitandani hadi choo cha nje, kwa sababu mzee huamka usiku mara tatu, na akiteleza kwenye tope saa tisa atalala pale hadi kupambazuke. Mletee ndoo ya chumbani na taa. Mtafute mjukuu mmoja au mtoto wa jirani wa kulala naye miezi hii mitatu, na umlipe. Elewaneni na jirani kwamba moshi wa jikoni usipoonekana kufikia saa mbili asubuhi, abishe hodi.

Na ukipiga simu Jumapili, usiulize "Mama, hujambo?" Atakwambia hajambo, hata kama hayuko sawa, hivyo ndivyo alivyolelewa. Muulize jana usiku alikula nini, alilala chumba gani, na miguu ilipata joto saa ngapi. Akikujibu kwamba haikupata, usimwambie amezoea.